Figo Iliyotolewa kwa Machozi

Mwanangu Somoe,

Nakuandikia huku umekwenda Kilangala kumuaga shangazi yako, na kilo mbili za sukari ulizonunua kwa hela yako mwenyewe. Nilikuona ukizifunga kwenye kanga mpya. Ningekuwa mwanamume ningekuzuia mlangoni, nikakwambia usiende kumpigia magoti mtu aliyekuchafulia jina, tena kwa jambo ambalo aliyelifanya ni mimi. Sikukuzuia. Nilikuitikia marahaba, nikakwambia umsalimie. Ndiyo kazi ninayoiweza siku hizi, kuitikia.

Mama yako amekwisha kukuusia ya sabuni na ya unga, ya baridi ya Mbinga unakokwenda kufundisha na ya walimu wanaume wenye maneno matamu. Mimi hapo siongezi. Nina neno moja tu, nalo nimelikalia kwa muda mrefu hadi limeoza.

Leo asubuhi, ulipokuwa unakunja nguo, uliutazama mkono wangu wa kushoto, hapa kwenye mshipa walioutengeneza kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, huu ambao ukiugusa unatetema. Ukasema, "Baba, nisamehe. Nilikupa kitu ambacho hakikuwa kizima." Nami nikajibu, "Mungu ndiye mpaji." Nikatoka nje kama mtu aliyeitwa, na wala hakuna aliyeniita.

Mama yako alikuwa uani anapepeta mchele. Alisikia yote. Aliweka ungo chini akaniambia, "Baba Somoe, mwambie leo hii. Akipanda basi hajui, nitampigia simu nimwambie mimi." Kwa hiyo usidhani barua hii imetokana na wema wangu. Nimesukumwa. Na usimlaumu mama yako kwa kunyamaza. Nilimwomba kwa heshima ya ndoa yetu asiseme, naye amelibeba hilo nalo, juu ya mengine niliyombebesha.

Sasa nisikilize. Figo yako haikuwa na kasoro. Aliyeiua ni mimi.

Nianzie mbali kidogo, maana mtu akikiri haraka haraka huwa anataka yaishe, na mimi sistahili yaishe haraka.

Nilipoambiwa nina presha, nilicheka. Nilikuwa katibu wa chama cha msingi, napima korosho za watu toka asubuhi mpaka giza, nabeba gunia peke yangu. Presha niliiona ugonjwa wa wakubwa wa mjini wanaokaa kwenye viti vya kuzunguka. Dawa nilimeza kichwa kikiuma, kikiacha na mimi naacha. Siku miguu ilipovimba hata viatu vikanikataa, figo zote mbili zilikuwa zimekwenda. Unakumbuka tulivyohangaika na mashine mwaka ule wa kwanza. Ukasema wewe, hakuna aliyekuuliza: "Nipimeni mimi."

Mjomba wako Bakari alikuja hapa na uso umekunjamana. Unajua mila zetu, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Alikaa kwenye mkeka pale, akakataa hata maji. Akaniambia, "Shemeji, huyu ni mtoto wa ukoo wetu. Unataka kumpasua tumbo hajazaa. Mimi siwezi kukwambia ufe, lakini ukikipata hicho kitu ukitunze. Kikiharibika kwa uzembe wako, utatujibu." Nikaapa. Niliapa kwa Mungu, mbele ya mama yako, na mkono kifuani. Na aliyeondoka hapa ameridhika ni Bakari, masikini, akaniamini.

Ile jioni ya kuamkia upasuaji kule Dar ulilia. Shangazi yako Mwanahawa ndiye aliyekuwa amekuja kutuuguza, na wewe ukamwegemea begani kwenye benchi la wodini ukalia, ukasema unaogopa, unatamani angekuwa mtu mwingine. Niliwasikia. Mlango ulikuwa wazi. Nilifumba macho nikajifanya nimelala, nikasema moyoni, asije tu akabadili nia. Hivyo ndivyo baba yako alivyokuombea usiku wa hofu yako. Kulia kwako hakukuwa na ubaya wowote. Mtu anayekwenda kukatwa akiwa mzima, asipolia huyo ana lake jambo.

Nikapona. Hilo hakuna wa kulibisha. Nilirudi hapa Kitomanga watu wakaja kunitazama kama bwana harusi. Nesi wa kliniki alikuwa amenikalisha chini kabla sijaruhusiwa, mama mmoja mpole lakini haachi kitu. Alinionyesha vidonge vya kumeza saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku ya maisha yangu. Akasema, "Mzee Issa, sikiliza vizuri. Hivi haviponyi figo. Mwili wako una walinzi, na walinzi hao hawamjui huyu mgeni aliyeingia. Vidonge hivi vinawashika walinzi mkono wasimfukuze. Ukiacha, hata kidogo kidogo, watamfukuza, na wewe huwezi kusikia maumivu mpaka mambo yameharibika." Akanifanya nirudie mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikarudia neno kwa neno. Kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba mzee wa shamba hakuelewa. Nilielewa.

Miaka miwili kengele ya simu ililia saa moja na saa moja, nami nikameza. Ndiyo miaka uliyoingia chuo cha ualimu. Kila niliporudi kliniki daktari alitazama majibu ya damu akatikisa kichwa kwa furaha, akasema binti yako hajambo? Hakuwa anakuulizia wewe. Alikuwa anaulizia figo. Ndivyo alivyoiita, binti yako.

Kisha Salum akaanza kuvimba.

Salum wewe ulimjua kama kaka yako wa Kilangala, mcheshi, fundi wa baiskeli. Kwangu alikuwa mpwa, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Na wewe umekulia huku, sihitaji kukufundisha mjomba ni nani. Watoto wangu mwenyewe ni wa akina Bakari. Salum ndiye aliyekuwa wa kwangu. Mjomba anayemnyima mpwa wake anasimuliwa mpaka na watoto wanaocheza. Hospitali walimwambia Salum figo zinaelekea kwisha, aanze mashine. Aliogopa ile mashine kwa sababu aliniona mimi nilivyokuwa nimekonda juu yake. Akarudi nyumbani.

Dada yangu akaja. Wewe ulikuwa chuoni. Aliniamkia vizuri, akaniuliza habari ya mikorosho, kisha akaona kile kikopo cha vidonge juu ya kabati. Akasema, "Kumbe ndivyo hivi."

"Ndivyo hivi."

"Mwanangu anavimba, na wewe una dawa ya figo ndani. Issa, tulinyonya ziwa moja. Utakula peke yako?"

Nikamwambia hizi si dawa za kuponya. Nilimwambia, Mungu ni shahidi, lakini niliisema kwa sauti ya mtu anayetafuta njia. Akanitazama. Akasema, "Tangu umepata figo ya mtoto umekuwa mchoyo." Akachukua mkoba wake akasimama.

Mwanangu, hapo ndipo ilipo barua hii yote. Kisu cha daktari sikukiogopa. Kifo nilikwisha kukizoea, nilikaa nacho chumba kimoja mwaka mzima. Lakini neno mchoyo, kutoka kinywani mwa dada yangu, likisambazwa kisima hadi kisima, msikiti hadi mnadani, hilo sikuliweza. Nikamwambia, "Kaa chini, Mwanahawa. Ninazo za ziada." Sikuwa na za ziada. Zilikuwa zinahesabiwa mpaka siku ya kliniki.

Tangu hapo, za asubuhi zikawa za kwangu na za jioni zikawa za Salum. Nilikuwa nazifunga kwenye karatasi za daftari, za juma zima, nazituma Kilangala na kijana wa bodaboda ndani ya mkate. Simu ikilia saa moja jioni naizima, namwambia mama yako nimekwisha kumeza. Na juma la kwenda kliniki nasitisha, nameza zangu zote kamili, ili damu ikipimwa ionekane sawa. Umeona akili hiyo? Mtu mwenye akili ya namna ile angeweza kufanya jambo la maana duniani.

Safari moja ya kliniki nilimzungukia yule nesi. Nikamuuliza, "Hivi mama, mfano tu, mtu mwingine mwenye figo mbovu akimeza hizi za kwangu?" Akaacha kuandika. Akasema, "Hazitamsaidia hata chembe. Zitamshusha kinga, homa ndogo tu itamlaza. Kuna mtu anameza, mzee?" Nikasema hapana, ni mazungumzo tu.

Nilirudi nikiwa nimekata shauri. Nilishuka kwenye gari nikaenda Kilangala moja kwa moja kumwambia Salum ukweli, aende Lindi kwenye mashine. Nikamkuta barazani anakaza spoku za gurudumu. Akainuka kwa shida, akasema, "Shikamoo mjomba. Vile vidonge vyako vina baraka. Nimepata nafuu." Uso umemjaa maji hata macho hayaonekani, anasema nafuu. Na dada yangu amesimama nyuma yake ananitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu tukiwa watoto. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa karatasi nyingine.

Salum alikufa masika yale. Alianza na homa na kikohozi, na siku ya nne tukamzika. Angekwenda kwenye mashine huenda angekuwa hai, kama mimi nilivyo hai, vibaya vibaya lakini hai. Hakwenda kwa sababu alikuwa na dawa ya mjomba. Kwa hiyo sikumpa kitu, na kile nilichokunyang'anya wewe nimpe yeye kilikuwa kamba ya shingo yake. Wawili niliwaumiza kwa kidonge kimoja.

Walinzi nao hawakulala. Hata nilipoanza tena kumeza zote, nilikuwa nimechelewa. Mkojo ukapungua, miguu ikarudi kuwa ile ya zamani. Kule Dar daktari aliniuliza mbele yako, "Mzee, dawa unameza zote?" Nikasema, "Zote, daktari." Wewe umekaa pembeni yangu, umenishika mkono huu huu. Ukamuuliza, "Daktari, au ni figo yangu?" Akakwambia hapana, ilipimwa ikaonekana nzima, mwili wa mzee ndio unaikataa. Akanitazama tena. Alijua, Somoe. Watu wale wameona wengi. Aliningoja niseme, nami nikatazama saa ya ukutani.

Tukarudi huku kwenye maneno. Ulimi hauna mfupa. Kwenye arobaini ya Salum, uchungu ukiwa bado umemkaba, dada yangu akawaambia wanawake, "Figo iliyotolewa kwa machozi haikai. Mtoto alitoa kwa kinyongo, mimi nilimsikia mwenyewe." Siri uliyomlilia begani akaimwaga kwenye sufuria za pilau. Ikafika Kitomanga kabla sisi hatujatoka matangani. Ikafika mpaka Kilwa, na ile posa ya kule ikarudi, wakasema binti ana roho nzito na tena ana figo moja. Nilikuwepo pale Kilangala. Nilikuwa nimekaa upande wa wanaume, ukuta wa makuti tu katikati, na nilisikia kila neno. Ningesimama. Ilikuwa inanitosha kusimama na kusema, jamani, mwenye kinyongo hayupo hapa, aliyepo ni mwongo. Nikala pilau.

Usimchukie shangazi yako. Yeye mpaka leo anaamini nilikuwa na za ziada.

Basi, hayo ndiyo niliyonayo ya kukuachia badala ya mausia. Najua unataka niseme kitu cha kukusaidia mbele ya safari, kama baba wengine. Nikitazama nyuma naona hivi: watu watakuja kwako wakiwa na shida ya kweli, watakushika pale pale unapoogopa kushikwa. Mimi palikuwa ni jina langu. Wewe pako sipajui, ila naona umerithi kidogo kwangu, maana sukari uliyobeba leo umebeba ili wasikuseme. Ukijikuta unatoa kwa sababu unaogopa watakavyokuita, simama kwanza. Na kitu ulichopewa na mtu usikigawe kabla hujamwuliza aliyekupa. Ningekuuliza wewe. Ningepiga simu chuoni nikasema, Somoe, shangazi yako anataka nigawe. Ungenikatalia kwa ukali, nami ningekuwa na wa kumsingizia, na Salum angekwenda Lindi.

Na mwili wako. Nesi alikwambia mtu huishi vizuri na figo moja, akaolewa, akazaa, mradi apimwe kila mwaka presha na mkojo, na kila daktari aambiwe mapema. Wewe huendi. Mwaka huu hukwenda, mwaka jana hukwenda. Nilidhani ni uvivu. Leo asubuhi nimejua: unaogopa wasije wakakuta na hiyo iliyobaki ni mbovu kama unavyodhani ilikuwa ile. Umeishi na hofu hiyo kwa sababu nilikula pilau. Nenda ukapimwe, mwanangu. Nikuombe hilo tu, ingawa sina haki ya kukuomba kitu chochote kinachohusu figo.

Ijumaa baada ya swala nitakwenda Kilangala. Nitamwambia dada yangu mbele ya wanaume na wanawake, na kwa Bakari nitapita nimjibu kama alivyosema nitajibu. Huenda nisikaribishwe tena nyumba ile. Mwanahawa atanililia mtoto wake upya, na safari hii atajua wa kumlilia. Naogopa sana, sikufichi. Lakini wewe ulistahili kujua kabla yao.

Kuna jambo moja hukuwahi kuambiwa. Siku ile ulipokuwa bado umelala kwa dawa za usingizi, daktari alikuja kitandani kwangu akicheka. Akasema, "Mzee, figo ya binti yako haikusubiri. Ilianza kutoa mkojo pale pale mezani, hatujamaliza hata kushona." Sikukwambia kwa sababu niliona haya kuzungumzia mkojo na binti yangu. Ndiyo haya zangu hizo, zinakuja pasipo na maana na zinakosekana panapotakiwa. Ulilia, ndiyo, lakini kitu ulichokitoa kilifika kikaanza kazi kabla hata sijafumbua macho. Kinyongo hakifanyi hivyo.

Nilitaka niifiche barua hii chini ya sanduku uikute Mbinga. Kisha nikaona ni yale yale. Nitakupa mkononi leo ukirudi, nitakaa mbele yako mpaka umalize kusoma.

Kesho ni siku yangu ya mashine, tutapanda gari moja. Kama hutataka kukaa na mimi, nitakaa kiti cha nyuma, wala sitakusemesha. Lindi mimi nitashuka. Najua roho yako, utataka kushuka unisindikize mpaka kwenye kile kitanda kama ulivyozoea. Gari lako la Songea linakungoja mbele, njia panda ya Mingoyo. Mashine hii ni ya kwangu, nimeitafuta mwenyewe.

Wewe usishuke.

Ni mimi baba yako, Issa, uliyempa figo nzima.